Sura ya Saba: Dirisha Liko Kivulini

Picha yangu ya kwanza ya samaki wa Busia haina samaki. Ina wingu moja kubwa jeupe, nyaya mbili za umeme, na kichwa changu mwenyewe kimeinama kama cha mtu aliyedondosha sarafu. Samaki walikuwepo. Niliwaona kwa macho yangu, perege kama kumi, wametulia chini kidogo ya uso wa maji wakisubiri chakula. Nilibonyeza, nikatazama nyuma ya kamera, wakawa wametoweka. Mwenye bwawa, mama mmoja aliyestaafu ualimu, akachungulia juu ya bega langu.

"Umepiga mbingu, mwanangu," akasema. "Hiyo hata kwenu iko."

Sura hii yote ni safari ya kutoka kwenye sentensi ile. Nilirudi kwa mama yule mara nyingi, kwa msimu mzima wa mvua na nusu ya kiangazi, mpaka majirani wakadhani nataka kununua shamba.

Bwawa lake liko nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Kenya, ukishika barabara ya kwenda Malaba na kuipita Alupe. Limelala nyuma ya jiko, kati ya migomba na mwembe mmoja mzee, na chini ya mwembe pana benchi la mbao. Kwenye kona moja ameacha mayungiyungi yaote. Kwa hiyo ni shamba, lakini jioni, kazi zikiisha, huwa bustani.

Lilichimbwa katika ile kampeni iliyoanza 2009, serikali ilipotaka kuchangamsha uchumi kwa kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Kila bwawa lilikuwa la mita za mraba 300 na lilipewa vifaranga 1,000. Si yote yaliyobaki na maji. La mama huyu lilibaki kwa sababu lipo kando ya chemchemi, na kwa sababu mwenyewe hulikagua kila asubuhi kama alivyokuwa akikagua madaftari.

Maji yanayomnenepesha samaki

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya rangi ya maji. Mimi nilitaka maji maangavu kama ya kwenye glasi. Yeye alitaka ya kijani, tena kijani cha kukolea. Kona moja ya bwawa ameizungushia vijiti, na humo hutupia samadi ya ng'ombe na kinyesi cha kuku. Samadi huyeyuka polepole, hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, na mimea hiyo ndiyo chakula cha bure cha perege, ambao hapa wengi huwaita tilapia na Waluo huwaita ngege.

Kipimo chake ni mkono. Hukunja shati, huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikionekana vizuri, maji yana njaa, yaongezwe samadi. Kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, samadi imezidi. Kikianza kupotea maji yanapokaribia kiwiko, yaani kama sentimita 30, hapo mambo ni sawa.

Maana yake kwa mpiga picha ni hii: una sentimita 30 za kufanyia kazi. Samaki aliye chini ya hapo si wako, hata ununue kamera ya bei ya ng'ombe watano. Tena maumbile yenyewe yamemficha. Mgongo wa perege ni wa rangi ya matope na tumbo lake ni jeupe, ili ndege anayemtazama kutoka juu aone matope, na adui anayemtazama kutoka chini aone mbingu. Wewe uliyesimama ukingoni umesimama mahali pa ndege. Fuwele ndogo zilizo kwenye ngozi na magamba yake, zile zinazomfanya ang'ae kama shilingi mpya akiwa sokoni, huwaka pale tu anapolala ubavu kugeuka. Mng'aro huo hudumu chini ya nusu sekunde. Subiri chakula kimwagwe, wakigombania, watageuka.

Nuru ikifika mpakani

Wakazi wa Busia na Malaba hawahitaji kufundishwa kwamba kitu kikifika mpakani, sehemu hupita na sehemu hurudishwa. Nuru hufanya hivyohivyo ikigonga maji, na kiasi kinachorudishwa hutegemea imeingia kwa mlalo gani.

Tazama maji wima kabisa, kutoka juu kama unavyotazama kisimani: katika kila sehemu 100 za nuru ya mbingu, maji hurudisha 2 tu. Rudi nyuma hadi macho yako yawe yanaukuta uso wa maji kwa mlalo wa digrii 30, na sasa zinarudishwa 6. Lala kifudifudi ukingoni, macho yako yawe digrii 10 tu juu ya maji, na zinarudishwa kama 35. Ndiyo sababu bwawa lile lile, dakika ile ile, ni dirisha kwa mtu aliyeinama juu yake na ni kioo cha kujitazamia kwa mtoto aliyelala kwenye nyasi.

Lakini kama ni 2 tu, au 6, kwa nini wingu liliwameza samaki wangu wote? Kwa sababu mbingu ina utajiri mkubwa wa nuru na maji ya kijani ni fukara. Nuru inayoingia bwawani hunywewa na mimea na matope, na inayorudi juu ikiwa imemgusa samaki ni chembe tu. Sehemu sita za tajiri zinatosha kufunika akiba yote ya maskini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikitafuta kitu kisicho sahihi. Nilikuwa nahangaika kutafuta mwanga zaidi. Nilichohitaji ni giza.

Kivuli kipi?

Kiswahili chetu cha kila siku hutupa neno moja, kivuli, kwa mambo mawili ambayo mpiga picha lazima ayatenganishe. Kivuli cha mwembe ni pale jua lilipozuiwa, penye ubaridi, mbwa alipolala. Lakini mwembe huohuo ukionekana kichwa chini ndani ya maji, wengi huita hicho nacho kivuli. Katika sura hii cha pili nitakiita taswira.

Taswira ya mwembe ndiyo dirisha. Majani yake ni meusi-meusi, hayana nuru nyingi ya kurushwa na maji, kwa hiyo pale taswira yake ilipolala, uso wa maji hunyamaza na ndani hufunguka. Zunguka bwawa lolote ukijaribu. Palipo na taswira ya wingu hutaona kitu. Sogea hatua mbili mpaka taswira ya shina ianguke palepale, na samaki watatokea kana kwamba mtu amefuta vumbi kwenye dirisha.

Kivuli, kile cha mbwa, mara nyingi ni hasara, kwa sababu samaki aliye kivulini naye amekosa nuru. Kwa hiyo kanuni yenyewe ni ya pande mbili: samaki awe juani, na taswira iliyomfunika iwe ya kitu cheusi. Ukipata vyote viwili kwa pamoja, hata simu ya kawaida itakupa picha ya kubandika ukutani.

Mwembe, bahati mbaya, haubebeki. Siku moja nilifika na kijana wa bodaboda aliyenileta kutoka mjini. Neno lenyewe bodaboda lina asili hapahapa: tangu miaka ya 1960 watu wa baiskeli walikuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha mpakani cha Kenya na cha Uganda, kutoka boda hadi boda. Kijana wangu alikuwa na pikipiki, na nyuma ya kiti amefunga mwavuli mweusi.

"Nisaidie," nikamwambia. "Simama kule ng'ambo ya kona, ufungue mwavuli, uuinamishe tumbo lake linitazame mimi."

Alisimama pale zinapokutana kingo mbili, mita tatu hivi kutoka kwangu, akanyoosha mkono. "Kwani mkubwa, samaki naye huchomwa na jua?"

Mama akamwaga konzi ya pumba katikati yetu. Juu ya maji yaliyokuwa meupe kwa mbingu kukatokea duara jeusi, na ndani ya duara, kwa mara ya kwanza, nikawaona wote: madume yenye koo la wekundu, mapezi yenye mistari, midomo ikifunguka na kufunga. Nilipiga picha kumi na mbili kabla mkono wa kijana haujachoka.

Tulipozitazama kivulini mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya samaki mmoja aliyebaki nyuma, peke yake, hali pumba. "Huyu mbona taya limevimba?" Akajijibu mwenyewe. Jike la perege akishataga huyaokota mayai mdomoni, huyaatamia humo, na hata vifaranga wakianguliwa huendelea kuwahifadhi humo humo. Muda huo wote hali, au hula kidogo sana. "Na mimi niliuzwa madume tupu," akasema. Mfugaji hutaka madume kwa sababu hukua haraka, na kwa sababu majike yakizaliana ovyo bwawa hujaa vidagaa vya kudumaa. Aliyemuuzia vifaranga hakuwepo kusikia aliyoyasema baadaye, na mimi sitayaandika.

Lililonikaa moyoni ni kwamba alikuwa akiwatazama samaki wale kila siku kwa miezi. Alichokosa ni giza la upana wa mwavuli.

Kioo cheusi cha kuvaa machoni

Kuna mwavuli mwingine, mdogo kuliko kiganja. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alikuwa Paris akitazama madirisha ya jumba la Luxembourg yaliyokuwa yakimeremeta kwa jua la jioni. Alikuwa na kipande cha fuwele ya kalisaiti mkononi. Alipokizungusha mbele ya jicho akaona mng'aro wa kwenye vioo ukififia na kurudi. Nuru iliyorushwa na kioo au maji, kumbe, hutikisika zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mwaka 1815 Mskoti David Brewster akaeleza ni kwa mlalo gani hali hiyo hukamilika. Kwa maji ni digrii 53 kutoka wima, yaani 37 juu ya uso wa maji.

Filta ya polaraiza inayofungwa mbele ya lenzi ni mtoto wa ugunduzi huo. Kazi yake ni kuzuia mtikisiko wa upande mmoja. Huhitaji kipima pembe: ukisimama wima ukingoni, maji yaliyo kama mita mbili au mbili na nusu mbele ya miguu yako ndiyo yaliyo kwenye mlalo huo. Lenga pale, zungusha filta polepole, na utaona mbingu ikiondolewa juu ya maji kama kitambaa juu ya sahani. Ukilenga karibu zaidi au mbali zaidi, hufanya kazi nusunusu. Tena filta hula nuru, nusu yake au zaidi, kwa hiyo usiitumie alfajiri ukashangaa picha zimetikisika.

Asiye na filta atumie miwani ya jua. Wachuuzi wa mpakani huuza za kila aina, na wengi huapa kwamba zao ni za polaraiza. Usibishane, pima. Chukua mbili za aina hiyo, weka kioo cha moja juu ya kioo cha nyingine, kisha geuza moja mpaka zisimame kama msalaba. Kama ni za kweli, panapokutana patakuwa giza totoro. Kama ni za rangi tu, hapatabadilika kitu. Iliyo ya kweli iweke mbele ya kamera ya simu, uizungushe. Nimepata picha nzuri kwa njia hiyo kuliko nyingi nilizopiga kwa vifaa vya bei.

Mshika mbili

Kuna kosa ambalo hata wapiga picha wa harusi wenye miaka 20 ya kazi hulifanya bwawani. Hudhani taswira iko juu ya maji, kama stika. Haiko hapo. Taswira ya mwembe uliosimama mita 10 ng'ambo ya pale unapolenga iko mbali kama mwembe wenyewe: umbali wa kutoka kwako hadi majini, ukijumlisha na kutoka majini hadi mtini. Ya wingu iko mbali kama wingu. Samaki naye yuko mita mbili tu, na maji humwinua aonekane karibu zaidi: aliye kina cha sentimita 40, ukimtazama kutoka juu, huonekana kama yuko kwenye 30.

Kwa hiyo kamera lazima ichague. Ikilenga fokasi kwenye wingu, samaki huwa ukungu. Ikilenga samaki, wingu huwa doa laini. Kamera inayojilengea yenyewe mara nyingi hukimbilia taswira, kwa sababu ndiyo iliyo kali zaidi. Kwenye simu, gusa skrini pale alipo samaki na ushikilie mpaka ifunge, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole. Fahamu pia kwamba mshika mbili moja humponyoka: amua kabla hujafika ukingoni kama siku hiyo umekuja kwa ajili ya samaki au kwa ajili ya mbingu.

Uamuzi huo huchagua hata saa. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, na Busia iko kwenye 34 na kidogo. Kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua la utosi hapa halifiki saa sita kamili, bali kama saa sita na dakika 44, likiwahi kidogo mwezi Novemba na kuchelewa mwezi Februari. Ukiwa na ratiba ya mpiga picha wa Mombasa, ongeza dakika 20 na ushei. Anayewinda samaki aje kati ya saa nne na saa nane, jua likiwa juu na nuru ikichimba ndani ya maji, aupe mgongo upande wenye mmeremeto. Anayewinda taswira aje kabla ya jua kuchomoza, kabla upepo haujaamka. Huku kwetu, alasiri ni ya upepo na mawingu ya mvua. Maji huwa na viwimbi, na kila kiwimbi ni kioo kidogo kinachorusha kipande chake cha mbingu.

Vyovyote utakavyochagua, kumbuka kwamba samaki naye anakutazama. Kutoka chini ya maji dunia yote ya juu, tangu ukingo huu hadi ukingo ule, humfikia ikiwa imebanwa ndani ya duara moja la digrii 97 juu ya kichwa chake. Aliyesimama wima na shati jeupe anaonekana. Aliyechuchumaa hubanwa pembeni kabisa mwa duara hilo, mwembamba kama ukucha. Na usikanyage kwa kishindo: mtetemo humfikia kupitia mstari wa ubavuni mwake kabla wewe hujamwona.

Mwamba wa Tororo na dimbwi la malori

Nilipodhani nimejua, nikaenda Malaba kujiaibisha. Rafiki yangu wa huko, Mteso, ana bwawa kwenye kilima, na kutoka uani mwake Mwamba wa Tororo huonekana wazi, umesimama peke yake ng'ambo ya mpaka. "Yoga," nilimsalimu alfajiri moja, na kabla hajamaliza kuitikia nikamweleza ndoto yangu: mwamba wa Uganda ndani ya maji ya Kenya, bila kugongewa muhuri.

Nilisimama ukingoni, hakuna mwamba majini. Nikachuchumaa, hakuna. Sababu ni rahisi, nami nilipaswa kuifikiria kabla ya kuamka saa kumi. Taswira hushuka chini ya upeo kwa kiasi kilekile kitu kilivyopanda juu yake. Kwa umbali ule mwamba mzima ni upana wa kidole kimoja ukinyoosha mkono. Mtu aliyesimama angehitaji maji yaliyo mita 60 mbele yake, na bwawa lilikuwa na urefu wa mita 20. Nikalala kifudifudi, kamera ikikaribia kulowa. Sasa hesabu ilitimia, ila ukingo wa ng'ambo, wenye nyasi za kufika magotini, ulikuwa umesimama katikati yetu. Nilirudi na picha nzuri sana ya nyasi.

Mvua ya jioni ile ilinifariji. Malaba ni mji wa malori, ya kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo mashariki, na yanapoegeshwa ardhi hudidimia. Dimbwi la mvua halina ukingo. Taswira niliyoikosa asubuhi kwa mwamba niliipata kwa trela: niligeuza simu kichwa chini ili lenzi iwe upande wa ardhini, nikaishusha mpaka ibaki unene wa kidole juu ya maji, na dimbwi la upana wa meza likawa ziwa. Magurudumu 18 juu, magurudumu 18 chini, taa nyekundu za nyuma zikiungana na taswira zao. Juu ya maji palikuwa na utando wa dizeli wenye rangi za upinde wa mvua, rangi zisizotokana na rangi yoyote: nuru iliyorudi kutoka juu ya utando na ile iliyorudi kutoka chini yake hukutana na kukatana, na kila unene wa utando huchagua rangi yake. Dereva mmoja alishuka kuuliza kama nimepoteza kitu.

Rangi zinazotafuta mchumba

Kabla sijamaliza, niseme jambo moja kuhusu furu, kwa sababu linawahusu wote wanaodhani nuru ndani ya maji ni suala la picha tu. Kusini mwa kaunti hii, Bunyala na Samia, kuna Ziwa Viktoria, na ndani yake wamo furu, samaki wadogo wenye spishi mamia. Mmoja, mwekundu na mweusi, amepewa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Ana ndugu wa karibu ambaye dume lake ni la samawati. Majike huchagua wachumba kwa rangi.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi upande wa Tanzania, walichapisha matokeo yao: pale ziwa lilipochafuka kwa rutuba iliyozidi na maji kuwa ya giza, rangi zilififia, majike yakashindwa kutofautisha, na spishi zikaanza kuchanganyika. Maji yale yale yanayoniharibia picha huwaharibia furu ndoa. Tangu nisome hilo, siwezi kuuita ukungu wa maji tatizo langu.

Alfajiri ya mwisho

Picha ambayo watu huniuliza habari zake niliipiga kwa mama wa Busia mwishoni mwa mvua. Jana yake kutwa kulikuwa na mawingu. Nilifika saa kumi na moja na nusu, giza likiwa bado chini ya mwembe, na bwawa halikuwa na hata kiwimbi kimoja. Mbingu ilipoanza kuwa na wekundu wa ganda la kamba, bwawa zima likawa na wekundu huohuo. Kisha duara ndogo zikaanza kuchorwa juu ya wekundu ule. Moja, tatu, thelathini. Katikati ya kila duara palikuwa na kitone cheusi. Nililenga mbingu, nikashusha mwanga, nikapiga zaidi ya mara 60, na nikiri kwamba nilikuwa na furaha ya kitoto.

Mama alikuja na kikombe cha chai akanikuta natabasamu. Nikamwonyesha. Hakutazama wekundu. Akakuza picha kwa vidole viwili, akakitazama kitone kimoja, akaniwekea kikombe mkononi bila kusema, na kukimbilia kwenye mfereji wa chemchemi.

Vile vitone vilikuwa midomo. Mimea ile ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huvuta, sawa na samaki. Samadi ikizidi na jua likikosekana kutwa, akiba huisha kabla ya kupambazuka, na samaki hupanda juu kutafuta hewa kwenye utando mwembamba wa maji unaogusana nayo. Mama alifungua maji yote. Mimi niliacha kamera kwenye benchi nikachukua ndoo, nikawa nachota na kumwaga kutoka juu ili maji yachanganyike na hewa. Hadi saa mbili, jua limeshika, duara zilikuwa zimekwisha. Walikufa saba.

Tulikaa chini ya mwembe, tumelowa, chai imepoa. Aliniomba nimtumie picha ile kwa simu akamwonyeshe afisa wa uvuvi, na akasema ataondoa samadi kwenye kona kwa wiki nzima. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba sikuwa nimewaona samaki. Nilikuwa nimekuja kupiga mbingu.

Alikuza tena picha, akakirudia kitone kilekile.

"Hapana," akasema. "Leo umepiga samaki."